Kituo cha Mtaa wa 125: Gharama Huamuliwa Mezani

Katika kona ya Mtaa wa 125 na Lexington Avenue, mtaani Harlem, jiji la New York linajiandaa kujenga kituo ambacho wakazi wake wameahidiwa tangu enzi za mababu zao. Kitakuwa kituo cha mwisho cha awamu ya pili ya njia ya treni ya chini ya ardhi ya Second Avenue. Kitakaa chini ya kituo kingine cha ghorofa mbili ambacho kimekuwa kikihudumia abiria tangu mwaka 1918, na mahandaki yanayoelekea huko yatafika kina cha takriban mita 36. Mwezi Agosti 2025 mamlaka ya usafiri ya jimbo la New York, MTA, iliidhinisha mkataba wa dola bilioni 1.97 wa kuchimba mahandaki hayo pamoja na nafasi ya kituo chenyewe. Kwa mujibu wa mpango, njia ifunguliwe mwaka 2032.

Anayesikia habari hizi kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kinachokifanya kituo cha namna hii kiwe ghali ni mwamba, maji na kina. Vitu hivyo vina uzito wake, sikatai. Lakini historia ndefu ya njia hii inaonyesha jambo jingine. Sehemu kubwa ya gharama ya kituo cha chini ya ardhi huamuliwa mezani, kabla mashine haijagusa udongo: kiwe na ukubwa gani, kikae wapi, na fedha zake zilindwe vipi hadi siku abiria wa kwanza atakapoingia. Katika mambo hayo matatu New York imewahi kuteleza, na katika baadhi yake sasa inajirekebisha. Ndiyo maana Mtaa wa 125 unastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayepanga usafiri wa mjini.

Tuanze na deni lenyewe. Wazo la kupitisha treni chini ya Second Avenue lilianza kuchorwa karibu na mwaka 1920. Mwaka 1929 lilitangazwa kama mpango rasmi, na wiki chache baadaye soko la hisa likaporomoka. Wakati huo upande wa mashariki wa Manhattan ulikuwa na njia mbili za treni zilizopita juu ya barabara, kwenye nguzo za chuma, mbali na ile ya chini ya Lexington. Njia ya juu ya Second Avenue ilifungwa kaskazini mwa Mtaa wa 59 mwaka 1940, na ile ya Third Avenue ikafuata mwaka 1955. Zote mbili ziliondolewa kwa matumaini kwamba njia mpya ya chini ingekuja kuziba pengo. Mwaka 1951 wapiga kura waliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 wakiamini unakwenda kujenga njia hiyo, lakini fedha zikaishia kwenye mahitaji mengine ya mtandao uliokuwa umechakaa.

Mwaka 1972 gavana Nelson Rockefeller na meya John Lindsay walizindua ujenzi katika Mtaa wa 103. Vipande vya handaki vikachimbwa: kimoja kati ya Mtaa wa 99 na 105, kingine kati ya 110 na 120, na kingine kusini kabisa, upande wa Chinatown. Mwaka 1975 jiji likakaribia kufilisika na kazi ikasimama. Vipande hivyo vikabaki gizani, bila reli na bila abiria, huku wakazi wa East Harlem wakiendelea kubanana kwenye njia moja ya Lexington, ambayo kabla ya janga la UVIKO-19 ilikuwa ikibeba watu takriban milioni 1.3 kwa siku. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa walioumia ni watu wa kipato cha chini, wengi wao wenye asili ya Puerto Rico na Weusi, ambao hawana gari la kuwapeleka kazini.

Awamu ya kwanza ilipofunguliwa hatimaye, tarehe 1 Januari 2017, ilikomea Mtaa wa 96. Vituo vyake vitatu vipya, vya Mtaa wa 72, 86 na 96, vinahudumia Upper East Side, eneo lenye watu wengi na lenye uwezo. Wakazi wa East Harlem, waliopoteza njia mbili za juu, wakaambiwa wasubiri awamu ya pili.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapo ndipo somo lilipo. Awamu ya kwanza iligharimu takriban dola bilioni 4.45 kwa njia isiyofika kilomita 3. Ukiuliza ni nini kilichokula fedha hizo, wengi watakujibu kuwa ni handaki. Tazama mikataba. Ule wa kutoboa mahandaki, uliosainiwa mwaka 2007, ulikuwa wa dola milioni 337, na ndani yake mlikuwa pia na kazi ya kuchimba shimo la kuanzishia mashine, ambalo baadaye liligeuzwa sehemu ya kituo cha Mtaa wa 96. Kwa upande mwingine, kituo kimoja tu cha Mtaa wa 72 kilihitaji mkataba wa takriban dola milioni 447 wa kuchonga pango kwenye mwamba, kisha mwingine wa dola milioni 258 wa kukimalizia. Ukijumlisha mikataba mikuu ya vituo vyote vitatu, unapita dola bilioni 1.8, yaani zaidi ya mara tano ya mkataba wa mahandaki.

Hesabu hii inaondoa visingizio vingi. Wapo wanaosema New York ni ghali kwa sababu mishahara ni mikubwa, vyama vya wafanyakazi vina nguvu, na chini ya barabara kumejaa mabomba ya maji, gesi, mvuke na nyaya. Yote hayo ni kweli. Lakini waliotoboa handaki walifanya kazi katika jiji lile lile, chini ya sheria zile zile na kwa soko lile lile la ajira. Kilichovimba ni vituo.

Vinavimbaje? Kituo cha chini ya ardhi kina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile inayoonwa na abiria: milango, ngazi, lifti, mashine za tiketi na jukwaa la kupandia treni. Ya pili imefichwa nyuma ya kuta na milango iliyofungwa. Humo mna feni kubwa za kuvuta moshi endapo moto utazuka, pampu za kutoa maji, mitambo ya umeme, vyumba vya mitambo ya kuongozea treni, vyumba vya mawasiliano, stoo, na vyumba vya kubadilishia nguo na kupumzikia wafanyakazi. Treni ya New York yenye mabehewa 10 ina urefu wa takriban mita 183, hivyo jukwaa linahitaji kuwa refu kidogo tu kuliko hapo. Lakini mashimo yaliyochimbwa kwa ajili ya vituo vya awamu ya kwanza yalikwenda mbali kupita urefu huo, kwa sababu vyumba hivyo vilipangwa kwenye ncha za kituo, kimoja baada ya kingine. Juu ya jukwaa pia ikawekwa ghorofa ya kati, ukumbi mpana wa kupitia abiria.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York wanaofuatilia gharama za usafiri wa reli duniani, katika mradi unaojulikana kama Transit Costs Project, walichambua jambo hili katika ripoti yao ya mwaka 2023. Walibaini kuwa ukubwa wa vituo ulikuwa miongoni mwa sababu kuu za New York kulipa mara nyingi zaidi ya miji mingine kwa kila kilomita. Walieleza pia namna idara mbalimbali ndani ya mamlaka moja zinavyodai kila moja chumba chake. Mafundi wa umeme hawataki kuchangia stoo na mafundi wa reli, na wa mawasiliano wanataka mlango wao peke yao. Kwenye jengo la juu ya ardhi, chumba cha ziada ni gharama ya matofali na bati. Kwenye mwamba, mita 30 chini ya barabara yenye watu, kila mita ya ujazo inachimbwa, inapandishwa juu, inasombwa kwa lori, kisha nafasi iliyobaki inazungushiwa zege na kuwekewa hewa na umeme kwa muda wote kituo kitakapokuwepo. Aliyedai chumba halipi yeye. Na kama hakuna mtu mwenye mamlaka ya kumkatalia, shimo linarefuka.

Mji wa Madrid ulionyesha kwamba inawezekana kukataa. Kati ya mwaka 1995 na 2003, chini ya uongozi wa mhandisi Manuel Melis Maynar, Madrid ilipanua reli yake ya chini kwa kasi iliyoshangaza ulimwengu. Njia ya MetroSur peke yake, yenye kilomita takriban 40 na vituo 28, ilifunguliwa mwezi Aprili 2003 baada ya ujenzi usiofika miaka minne. Melis alisimamia kanuni zisizo na mapambo: vituo viwe karibu na uso wa ardhi kadiri inavyowezekana, vifanane, vitumie vifaa vile vile, na kisiwepo kituo cha kumjengea msanifu sifa. Maamuzi yalifanywa na timu ndogo ya wahandisi wa serikali wenyewe, walioijua kazi na waliokuwa na uwezo wa kuamua papo hapo. Abiria wa Madrid hakupunjwa kwa hilo. Alipata vituo vingi zaidi kwa fedha zile zile.

Haki itendeke kwa New York pia: katika awamu ya pili, baadhi ya mafunzo yameingia. MTA imeamua kulitumia lile handaki la miaka ya 1970 lililo kati ya Mtaa wa 110 na 120, na kituo cha Mtaa wa 116 kitawekwa ndani yake. Kwa makadirio ya mamlaka hiyo, uamuzi huo peke yake unaokoa dola milioni 500. Vyumba vya mitambo na vya wafanyakazi vimepunguzwa pia katika michoro, na kwa jumla MTA inasema imeokoa dola bilioni 1.3. Kazi iliyoachwa na wachimbaji wa kizazi kilichopita, na ambayo wengi waliihesabu kuwa hasara, itapata matumizi. Mimi nauona uamuzi huu kuwa wa maana kuliko sherehe zote za uzinduzi zilizowahi kufanyika kwenye njia hii, kwa sababu unaonyesha kuna mtu mezani aliyeuliza: tunacho nini tayari, na tunahitaji nini kweli?

Hata baada ya kupunguza, awamu ya pili inakadiriwa kugharimu takriban dola bilioni 7.7 kwa vituo vitatu, na njia yake nayo haifiki kilomita 3. Bado ni ghali kupindukia. Na swali linalofuata ni hili: kama fedha ni tatizo, kwa nini njia isikomee Second Avenue, mahali palipo rahisi zaidi kuchimba, badala ya kukunja kona kuelekea magharibi na kupita chini ya kituo kingine?

Hapa natofautiana na wanaotaka kubana matumizi kila mahali. Kona hiyo ndiyo inayokipa kituo thamani. Simama kwenye Mtaa wa 125 utazame. Kwenye Park Avenue, juu ya daraja la chuma, treni za Metro-North husimama zikileta watu kutoka vitongoji vya kaskazini na jimbo la Connecticut. Mtaa mmoja tu mashariki mwake, kwenye Lexington, kuna kituo cha treni namba 4, 5 na 6. Ghorofa ya juu ya kituo hicho ni ya treni ziendazo kaskazini, na ya chini ni ya zile ziendazo kusini. Barabarani hupita basi la M60 liendalo uwanja wa ndege wa LaGuardia. Kituo kipya kitawekwa katikati ya hayo yote. Anayeshuka kutoka Metro-North ataweza kuingia treni ya Q, ile ya njia ya Second Avenue, na kufika Times Square bila kubadili. Anayetoka Bronx kwa namba 4 au 5 ataweza kuhamia Q hapo hapo chini, na hivyo kuipunguzia mzigo njia ya Lexington. MTA inatarajia awamu hii iongeze abiria wapatao 110,000 kwa siku, na bila ya makutano hayo sioni idadi hiyo ikifikiwa.

Kwa hiyo kuna ubanaji wa aina mbili, na si vyema kuuchanganya. Kupunguza stoo na vyumba vilivyofichwa hakumwondolei abiria kitu. Kukisogeza kituo mbali na mahali watu wanapokwenda kunamhamishia abiria gharama: analipa kwa miguu yake, kwa nauli ya ziada, na kwa saa zake, kila siku ya maisha yake. Msomaji wa Kenya anaujua uamuzi wa aina hiyo. Kituo cha reli ya kisasa (SGR) cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 2017, kiko Syokimau, na abiria anayekwenda katikati ya jiji hulazimika kupanda treni ya kuunganisha au gari ili kumalizia safari. Kilichookolewa kwenye ramani ya ujenzi hulipwa na msafiri baadaye, na hakuna bajeti inayokionyesha.

Jambo la tatu ni ulinzi wa fedha, na hapa Mtaa wa 125 bado uko hatarini. Mwezi Novemba 2023 serikali ya shirikisho ilisaini makubaliano ya kuchangia dola bilioni 3.4. Sehemu kubwa ya fedha nyingine ilitegemea tozo ya msongamano, yaani malipo ya magari yanayoingia Manhattan kusini mwa Mtaa wa 60, ambayo ilikusudiwa kuiwezesha MTA kukopa dola bilioni 15 kwa miradi yake. Mkataba wa kwanza wa awamu ya pili, wa dola milioni 182, ulitolewa Januari 2024 kwa ajili ya kuhamisha mabomba na nyaya. Mwezi Juni mwaka huo huo, zikiwa zimebaki wiki chache tozo ianze, gavana Kathy Hochul akaisimamisha, na kazi ya kuhamisha mabomba ikasimama pia. Novemba tozo ikarudishwa ikiwa imeshushwa kutoka dola 15 hadi dola 9, ikaanza kutozwa tarehe 5 Januari 2025, na kazi ikaendelea. Kisha Oktoba 2025 serikali ya shirikisho ikatangaza kuzuia fedha za miradi miwili mikubwa ya New York, zenye jumla ya takriban dola bilioni 18, na njia ya Second Avenue ni mmojawapo.

Mradi wa namna hii haulali bure unaposimamishwa. Wafanyakazi waliofundishwa wanatawanyika, mitambo ya kukodi inarudishwa, na bei za chuma na zege zinapanda. Makandarasi wanaosoma magazeti wanajifunza kwamba serikali hii inaweza kukatiza malipo wakati wowote, kwa hiyo katika zabuni ijayo wanaongeza fungu la kujikinga. Mara 1929, mara 1951, mara 1975: kila mara njia hii ilikwama. Mji unaokopa kwa ajili ya kituo unapaswa kuwa na sheria inayozifunga fedha hizo kwa kituo hicho mpaka kikamilike, isiyoweza kufunguliwa kwa tangazo la asubuhi moja la kiongozi yeyote, wa chama chochote.

Najua lipo pingamizi moja zito kuhusu ukubwa. Kituo kilicho mita nyingi chini ya ardhi lazima kiwe na njia za kutosha za kuwatoa watu upesi moto ukizuka, na feni zenye nguvu za kuondoa moshi. Pia lazima kiwe na lifti kwa ajili ya wazee, wagonjwa, wazazi wenye watoto wachanga na wenye ulemavu. Hakuna hata mita moja ya hayo ninayopendekeza ipunguzwe. Vituo vingi vya zamani vya New York havina lifti mpaka leo, na kwa mtu wa kiti cha magurudumu kituo kisicho na lifti ni kama hakipo. Ninachokidai ni kwamba nafasi ya usalama na nafasi ya abiria ziwekwe kwanza, na kila chumba kingine kithibitishe uhalali wake kwa maandishi, kikiwa na bei yake pembeni.

Miji yetu nayo inakua, na siku itafika ambapo mmojawapo utatangaza kituo cha chini ya ardhi kwa picha za kupendeza zenye vioo na miti. Siku hiyo wananchi na wabunge wao waulize maswali ambayo huko Harlem yalichelewa kuulizwa. Jukwaa litakuwa na urefu gani, na shimo lote litakuwa na urefu gani, na tofauti hiyo ni ya kazi gani? Abiria atatembea hatua ngapi kutoka treni hadi basi au daladala analoendea? Fedha za kumalizia, si za kuanzia, ziko wapi, na nani anaweza kuziondoa? Ni mhandisi gani wa serikali mwenye mamlaka ya kukataa chumba kisichohitajika, na je, jina lake linajulikana?

Ikiwa majibu yatakuwepo kabla ya mkataba kusainiwa, jiji litaweza kujenga vituo vingi kwa fedha ambazo New York imetumia kwa vichache. Yasipokuwepo, uwekaji wa jiwe la msingi uahirishwe mpaka yapatikane, kwa sababu kusubiri miezi sita mezani ni nafuu kubwa kuliko kusimama miaka 40 shimoni.